Mvua ya Mwezi wa Saba

Johannesburg mvua hainyeshi mwezi wa saba. Hakuna anayekufundisha hilo. Unalijua kama unavyojua ubao uliolegea kwenye kibaraza cha kwenu, ule ambao mguu wako huuruka hata gizani. Mvua huja na joto, kuelekea mwisho wa mwaka, wakati wa alasiri. Mawingu hujirundika, mbwa hunyamaza, kisha inapiga kwa hasira, mara nyingine kwa mawe, na inaondoka kabla chai haijapoa. Pasaka ikipita, imekwisha. Kinachobaki ni baridi kavu, anga lisilo na wingu hata moja, nyasi zenye rangi ya mkate, na vumbi la njano la vilima vya machimbo ambalo huingia mpaka ndani ya sukari.

Ninaanza na mvua kwa sababu ndiyo iliyoniambia. Watu hawakuniambia.

Tuliishi Bertrams, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa nusu kwa nusu, paa la bati, kibaraza kikitazama barabara. Wazazi wangu walitoka Uvira nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alishona nguo Marshalltown, mama na mdogo wake, mama mdogo wangu, walisuka nywele. Nyanya, mama yao, alitufuata miaka ya baadaye, na tangu alipofika Kiswahili cha nyumba ile kilikuwa chini ya ulinzi wake. Ndugu yangu mdogo, aliyezaliwa hapa, alimwelewa kila neno lakini alimjibu kwa Kizulu.

"Hiyo masikio yako ni ya kwetu," Nyanya alimwambia. "Ni mudomo tu ndiyo uliuza."

Nyanya hakumwita mjukuu yeyote kwa jina. Alikuwa na wajukuu Uvira, Bujumbura, Lubumbashi, na sisi wa Bertrams, na wote tulikuwa "mujukuu wangu". Alisema majina yanachanganya, mapenzi hayachanganyi. Nilikua nikilichukulia hilo kama mzaha wake tu.

Mwaka 2017 nilipata nafasi ya kusoma fasihi kwa mwaka mmoja Stuttgart, mji wa kusini mwa Ujerumani uliotulia bondeni kama kitu kilichomiminwa kwenye bakuli, mashamba ya mizabibu yakiuzunguka kwa juu. Siku ya kuondoka Nyanya hakulia. Alinishika mashavu, akanigeuza uso huku na huku kama anayechagua nyanya sokoni, akasema, "Enda. Utarudi unikute kwenye hii kiti."

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, cheupe, mguu mmoja umefungwa waya.

Nilipanga chumba ghorofa ya tatu katika nyumba ya mawe. Kila ghorofa ilikuwa na milango miwili inayotazamana. Mimi niliyezoea ukuta mwembamba unaopitisha ugomvi wa jirani, redio yake, na maombi yake ya alfajiri, niliingia katika nyumba ambayo kuta zake zilimeza kila kitu na watu walitembea ndani kwa soksi. Ningeweza kukaa tangu asubuhi hadi jioni bila kusikia sauti ya binadamu. Jumapili ukimya uliongezeka, ukawa kama sheria. Maduka yalifungwa, mashine za kufulia zilinyamazishwa. Jumapili moja nilipeleka chupa tupu kwenye pipa la vioo barabarani. Chupa ya kwanza ilipovunjika, dirisha likafunguka, mama mmoja akanitikisia kidole bila kusema neno, nami nikarudi na mfuko wangu kama mwizi wa kuku.

Asubuhi nilipanda treni kwenda darasani. Mchana nilikaa maktaba. Nilijifunza kununua mkate mweusi unaokaa wiki nzima bila kuharibika, na kumwambia kila mtu ngazini "Salamu ya Mungu", maana ndivyo wanavyosalimiana kule, hata wasiomwamini. Kiswahili sikumsemesha mtu. Kiliishi ndani ya simu tu.

Mama mdogo ndiye aliyemshikia Nyanya simu mdomoni, kama kipaza sauti cha kanisani. Nyanya alipaza sauti kulingana na umbali, akaamini kwamba Ulaya ni lazima upige kelele.

"Mujukuu wangu! Uko unakula? Usilale na njaa mu inchi ya watu!"

Kisha angejibu kila nililomwambia, moja baada ya jingine. Nikimweleza theluji, aliuliza, "Na munaikanyaga tu hivi hivi, haina mwenyewe?" Mwisho wa kila ujumbe wa sauti ulikuwa uleule. Mama mdogo anasema, "Mama, imetosha, unamaliza data," na Nyanya anauliza, "Data ni nani?" halafu kicheko, halafu kimya. Nilizisikiliza sauti hizo nikiwa natembea. Nilicheka peke yangu kwenye treni na watu wakahama viti.

Sasa niseme juu ya kibao.

Katika mji ule kila nyumba ina zamu ya kufagia ngazi. Wanaihesabu kwa wiki. Aliye zamu hutundikiwa kibao kidogo kwenye kitasa cha mlango wake, na wiki ikiisha, akishafagia na kupiga deki, hukitundika kwenye mlango unaofuata. Ghorofa yetu ilikuwa na milango miwili tu, wangu na wa bibi mmoja mwembamba aliyevaa aproni ya bluu. Kwa hiyo kibao kilikwenda na kurudi kati yetu mwaka mzima, kama salamu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ile. Alinifundisha kwa vitendo, maana Kijerumani changu kilikuwa cha vitabuni na chake kilikuwa cha vilimani. Mara ya kwanza nilipomaliza alitoka, akapitisha kidole kwenye kona ya ngazi, akanionyesha vumbi lililobaki, akatabasamu. Mara ya pili kidole chake kilitoka safi. Akaniletea keki ya tufaha.

Mwezi wa tano alichukuliwa hospitali. Siku chache baadaye mzee wa ghorofa ya juu alinisimamisha ngazini, akavua kofia, akaniambia polepole ili nielewe, kwamba jirani yangu amefariki.

Jumapili ile zamu yangu ilikuwa inakwisha. Nilifagia, nikapiga deki, kisha nikasimama katikati ya milango miwili na kibao mkononi. Sikujua pa kukipeleka. Mwishowe nikakitundika kwenye mlango wake, kwa mazoea na kwa heshima, nikaingia ndani.

Wiki ilipoisha, kibao kilikuwa kwenye mlango wangu. Ngazi zilikuwa safi. Zilinukia sabuni ya ndimu, sabuni yake.

Nilifikiri wamepata mtu. Lakini jina lake lilikuwa bado kwenye kengele, pazia lilikuwa lilelile, na kupitia kioo cha mlango sikuona taa hata siku moja. Nilifagia zamu yangu, nikatundika kibao kwake tena. Wiki ikapita. Kikarudi. Nilipitisha kidole kwenye kona ya ngazi na kidole kikatoka safi.

Nimelelewa na watu wa maombi. Sioni aibu kusema kwamba nilianza kuambaa ukutani kila nilipopita mlango ule. Baadaye nikaanza kuusalimu. "Salamu ya Mungu," niliuambia kwa sauti ya chini, na kuingia kwangu haraka kabla haujanijibu.

Fumbo lile lilifunguka Jumamosi moja adhuhuri. Nilisikia ufagio. Nikajikaza, nikafungua mlango. Mzee wa ghorofa ya juu alikuwa amepiga goti moja kwenye ngazi, tambara mkononi, ndoo pembeni. Tuliogopana wote wawili. Nilimwambia kwamba ningeweza kufanya mimi kila wiki, mimi ni kijana.

Akatikisa kichwa. "Wewe una zamu yako," alisema. "Hii ni yake. Zamu ni ya mlango. Kodi yake imelipwa mpaka mwisho wa mwezi wa nane, basi mpaka hapo mlango ni wake, na mlango wake hautakuwa mchafu."

Akarudi kusugua. Sikumuuliza walikuwa na uhusiano gani, yeye na bibi yule. Alikuwa na chupa ya sabuni ya ndimu karibu na goti, imebaki kidogo, na aliitumia kwa kubana sana.

Mwezi wa sita sauti ya Nyanya ilikatika. Mama aliandika kwamba simu ya mama mdogo imeharibika. Nilingoja. Nilikuwa na mitihani mbele yangu, nilikuwa na kurasa za kuandika kwa lugha iliyonikaba koo, na kila jioni nilirudi kwenye ghorofa ya milango miwili bila sauti yoyote masikioni.

Halafu Nyanya akarudi. "Mujukuu wangu, uko unakula? Mimi niko muzima. Ni magoti tu." Nilibusu simu barabarani.

Lakini kitu kilikuwa kimebadilika, na kwa muda mrefu sikuweza kukitaja. Ujumbe uliisha ghafla, kabla ya data, kabla ya kicheko. Nilimweleza habari za mzee na ngazi, habari ambayo Nyanya niliyemjua angeichambua wiki nzima, na jibu lililokuja lilisema niheshimu walimu na nisitembee bila sweta. Kulikuwa na joto kali mno. Watu walikuwa wakiogelea. Nilimuuliza kama magoti yake yametulia, akanijibu kwamba Mungu ni mwema na mahindi ya mwaka huu ni matamu. Yalikuwa maneno yake. Ilikuwa pumzi yake, ile ya kuvuta kidogo kabla ya kusema "mujukuu". Ila ilikuwa kama mtu anayekusemesha huku macho yake yakimtazama aliyesimama nyuma yako. Mara moja, nikiwa jikoni, niligeuka kuangalia.

Katikati ya mwezi wa saba nilitoka kwenye mtihani wa mwisho nikaketi kwenye nyasi, kivulini. Simu ikalia. Nyanya. Nikaweka vifaa vya masikioni, nikafumba macho.

Alikuwa akisema juu ya subira. Chini ya sauti yake kulikuwa na kitu kidogo, tone moja kwenye bati, kisha jingine, kisha mengi. Hakusita, alipandisha sauti tu juu ya kelele, kama tulivyofanya sote katika nyumba ile. Mwishoni bati lilikuwa likinguruma na Nyanya alikuwa karibu kupiga kelele: "Subira, mujukuu! Subira!" Halafu ikakatwa.

Nilitabasamu. Jinsi nilivyoikumbuka mvua ile! Niliona maji yakichuruzika kutoka ukingo wa paa, kiti cheupe kikivutwa nyuma, nguo zikinyakuliwa kambani. Nilisikiliza tena, na tena. Sijui ilikuwa mara ya ngapi mwili wangu ulipoelewa kabla yangu. Nyasi zilikuwa za moto chini ya viganja na mikono yangu ilikuwa baridi.

Mwezi wa saba.

Nilitazama kwenye simu hali ya hewa ya Johannesburg. Jua, kavu, baridi. Jana yake vilevile. Wiki nzima vilevile.

Nikampigia mama. Wakati wa kiangazi cha Ulaya saa za Stuttgart na za kwetu ni zilezile; mchana wangu ulikuwa mchana wake.

"Mama, huko mvua?"

Alicheka. "Mvua ya wapi mwezi wa saba? Umesahau kwenu mbiombio hivi? Ni vumbi, mutoto wangu. Vumbi mpaka mu sufuria."

"Na Nyanya?"

Nyuma yake ndugu yangu alisema kitu kwa Kizulu, kisha akanyamaza kama aliyeguswa.

"Amelala," mama akasema.

"Mchana huu?"

"Baridi, si unajua? Magoti. Mitihani imekwisha?"

"Imekwisha."

"Asante Mungu," alisema mama, na sauti yake ikavunjika mahali ambapo haikupaswa kuvunjika. "Asante Mungu. Sasa urudi tu. Urudi salama."

Wasomaji wangu wengine hawatalijua jambo hili, kwa hiyo nalieleza. Kwetu, kifo hakipewi mtu aliye peke yake. Kinangojewa mpaka apatikane wa kumshika. Nilikuwa msichana mdogo baba wa jirani yetu alipofariki kule Uvira. Mwanawe alikuwa mlinzi wa usiku hapa mjini. Watu walipata habari jioni, lakini hakuna aliyempigia. Walijaa nyumbani kwake kimya kimya wakamngoja hadi asubuhi. Aliporudi alikuta viatu mlangoni, viatu vingi, na alijua kabla hajavua vyake. Lakini alipopiga kelele kulikuwa na mikono mingi ya kumdaka. Huo si uongo kwetu. Ni kumwandalia mtu mahali pa kuangukia.

Na mimi nilikuwa mbali, ghorofa ya tatu, peke yangu kabisa. Basi waliniandalia. Walichukua sauti ambazo Nyanya aliwatumia wajukuu wengine, wa Uvira, wa Lubumbashi, za mwaka jana na juzi, na kwa kuwa hakutaja jina la yeyote, zote zilikuwa zangu.

Ningeweza kupiga simu tena. Neno moja tu, na mama asingeweza kunidanganya. Nilikaa na neno lile mdomoni mpaka kivuli kikanihama. Nikiuliza, nitakipokea kifo palepale kwenye nyasi, na mama atajua nimekipokea peke yangu, na hilo halitamtoka maisha yake yote. Nisipouliza, Nyanya ataendelea kunisemesha, na mimi nitajua ni nani ananisemesha.

Sikuuliza.

Wiki zilizofuata ndizo za ajabu zaidi maishani mwangu. Sauti ziliendelea kuja. Nilizijibu. Sikumuuliza Nyanya maswali tena, kwa sababu maswali yalimwaibisha. Nilimweleza tu. Nilisimama dirishani na kumwambia kwamba mizabibu imekuwa mizito, kwamba nimejifunza kuogelea, kwamba vyumba vya jirani aliyefariki vimeanza kutolewa vitu, na kwamba mzee amenunua sabuni mpya. Kengele za kanisa ziligonga nyuma yangu nami nikapaza sauti juu yazo kama Nyanya alivyopaza juu ya mvua. Mara nyingine, nikishaachia kidole, nilihisi kwamba ule ukimya wa upande wa pili ulikuwa na mtu ndani yake, ameketi, anasikiliza. Sikuogopa. Niliogopa tu siku ambayo ungeondoka. Kibao kilikwenda na kurudi kati ya milango miwili. Zamu ya mwisho ilikuwa yangu. Niliacha ngazi ziking'aa.

Mwisho wa mwezi wa nane nilirudi. Kabla ya kutoka chumbani kwenda uwanja wa ndege nilimtumia Nyanya ujumbe mmoja wa mwisho.

Uwanja wa ndege walikuja wengi kupita kiasi. Baba alikuwa na koti, siku ya kazi. Mama alinikumbatia bila kunitazama. Lakini aliyenimaliza ni ndugu yangu mdogo. Alichukua sanduku langu, akasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake:

"Karibu nyumbani, dada."

Barabara ilikuwa wazi na tulifika mapema kuliko walivyotarajia waliobaki nyumbani. Bertrams ilikuwa ya njano kwa vumbi. Kiti cheupe kilikuwa kibarazani, kimegeuzwa kuelekea ukutani. Na mlangoni kulikuwa na viatu: vya kike, vya kiume, sendo, viatu vya kanisani, safu juu ya safu.

Niliuruka ubao uliolegea. Hakuna aliyetusikia. Na hapo, kutoka chumba cha Nyanya, mlango ukiwa umerudishiwa nusu, nilisikia sauti ya msichana akizungumza.

"Nyanya, nakuja. Kesho nitakuwa hapo. Uningoje kwenye kiti."

Nyuma yake ziligonga kengele ambazo hazimo katika mji huu.

Nilisimama ukumbini nikijisikiliza. Kwa muda kidogo sikujua ni nani kati yetu aliyekuwa mbali, na ni nani aliyekuwa akitumiwa sauti ili adhaniwe yupo. Kisha sauti ikaisha, mama mdogo akatoka na simu kifuani, akaniona.

"Nilikuwa nampigishia sauti yako," alisema. "Zote nilimpigishia mu chumba chake. Si vizuri maneno ya mutu yasikilizwe na wengine kabla mwenyewe hajayasikia."

Wanawake waliinuka sebuleni. Waliniketisha mkekani, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja mgongoni. Shangazi mkubwa wa upande wa baba alisafisha koo na kusema yale maneno kama yanavyosemwa, kwa mzunguko, kuanzia safari yangu, mpaka akafika kwa Nyanya na mwezi wa sita. Nilidhani nimekwisha kulia Stuttgart. Sikuwa nimelia hata kidogo. Kilichotoka kilitoka tumboni, na mikono ile yote ilinidaka.

Baadaye, nilipokuwa nimelala mapajani mwa mama, aliniuliza sikioni, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia ni vumbi tu. Nyanya alikuwa amenitumia mvua."

Mama aliinua kichwa. "Mvua!" Akamgeukia mdogo wake na chumba kizima kikageuka naye. "Eish, wewe mwanamuke! Nilikuambia usikilize mpaka mwisho mbele ya kutuma! Sikukuambia?"

Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha msibani kinachoponyoka. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Nilisikiliza mpaka mwisho," alisema. "Kila moja nilisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia mama tu. Mvua sikuisikia."

Kicheko kikafa. Nikakaa, nikatoa simu yangu, nikaitafuta sauti ile na kuiweka katikati ya mkeka. Nje upepo ulisukuma vumbi chini ya mlango. Nyanya alianza kusema juu ya subira, na tone la kwanza likadondoka kwenye bati. Mwanamke mmoja akatazama juu. Kisha mwingine. Ilipokolea, mama mdogo alifumba macho, akainamisha kichwa upande mmoja, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaisikia.